Njia ya Kutoka Ghalani

4 Februari

Kwako Bibi mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, nawe unijibu ukweli: goti linaendeleaje? Mama anasema likitajiwa hospitali linapona, likitajiwa kufagia uwanja linauma. Mimi ni mzima, chakula nakula, usingizi ninao, ila koo limenikauka kwa kusema kutwa. Na kwa kuwa simu huitaki, unasema inakukata maneno, basi tuandikiane kama wachumba.

Kazi nimepata. Naongoza watalii kwenye yale makazi ya kwanza ya walowezi, pale walipotua na kujenga ukuta wao kabla hawajasambaa nchi nzima. Zamani waongozaji walikuwa wanawaonyesha watu nyumba ya Bwana Mkubwa tu: kitanda chake, vikombe vyake, bustani yake, picha, kwaheri. Sasa tumepata mkuu mpya, mama mmoja mwenye miwani asiyecheka ovyo, naye amesema lazima tuseme yote. Kwa hiyo tunaanzia kisimani, tunaeleza waliokichimba walikuwa akina nani na walikamatwaje, tunauzunguka ukuta, kisha tunamalizia kwenye ghala la mawe. Humo ndimo walimofungiwa watu waliokamatwa kufanya kazi. Halina dirisha. Wageni wakiingia mle wananyamaza, hata wale wabishi.

Mkuu ametuagiza kila mwongozaji achague mtu mmoja aliyepita pale, amsimulie tangu mwanzo hadi mwisho, ili mgeni awe na mtu wa kumkumbuka akirudi kwake. Wenzangu wamehangaika sana kutafuta. Mimi sikuhangaika, wangu alikuwepo nyumbani. Nimemchagua yule dada yake bibi yako, aliyetumwa maji asubuhi akiwa msichana, walowezi wakamkamata akawabebee maji ya kujengea ukuta, asionekane tena.

Shida ni kwamba wageni wanataka kujua alikufaje. Nikisema hatujui, wananitazama kana kwamba nawaficha kitu. Basi nimempa mwisho. Nasema homa ilimkamata mle ghalani, akafa kwenye kona ya kushoto, akazikwa nje ya ukuta nyuma ya jiko. Mama mmoja wa makamo alilia mpaka akakaa chini. Mkuu alinipongeza mbele ya wenzangu, na mtu mmoja ambaye simtaji akanuna siku nzima. Mjukuu wako amekuwa mtu mkubwa huku, usinione hivi hivi.

Mjukuu wako

*

21 Februari

Kwako mume wangu asiye na akili,

Salamu sina nyingi leo. Mimi ni mzima, na goti mwambie mama yako ni langu, aniachie. Natumaini nawe ni mzima, hasa kichwani, ingawa barua yako imenitia mashaka.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba alikufa, nilikunja karatasi nikakaa. Nimekulea mimi mwenyewe. Umewahi kunisikia nikisema yule amekufa?

Nakukumbusha, huenda huko uliko kumekufuta kichwa. Mama yake yule binti alikataza. Alisema hakuna aliyeona, hakuna aliyezika, kwa hiyo hakuna wa kusema. Mtu akiuliza, tunajibu kwamba amechelewa. Hatukumkalia msiba, nguo zake hatukuzigawa, jina lake hatukumpa mtoto mwingine, maana mwenyewe yuko njiani. Yule mama aliondoka akiwa anamngoja. Bibi yangu akamngoja dada yake, mama yangu akapokea, mimi nikapokea. Siku nikiondoka sijui atapokea nani, kwa sababu mama yako anaona ni mambo ya kizee, nawe umeshamzika nyuma ya jiko la walowezi ili watu walie vizuri.

Sitaki kitu kingine kutoka kwako. Vitenge ninavyo, sukari ninayo. Nataka arudi nikiwa hai, na kama hilo haliwezekani nataka niondoke nikiwa bado namngoja, kama wenzangu. Wewe unanifungia mlango huo. Kabadilishe maneno yako, mume wangu, kabla sijapanda gari kuja kukuchapa mbele ya wageni wako.

Mkeo mkongwe,
Bibi

*

18 Machi

Kwako Bibi,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Barua yako niliipata mapema, nisikudanganye. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba Bibi anakaa na kuku wake, hajui kazi za watu, na kwamba mtu aliyepotea miaka yote hiyo hawezi kudhurika kwa maneno yangu mawili matatu. Nikaendelea.

Siku moja ya jua kali, baada ya chakula cha mchana, nikaona msichana nyuma ya kundi langu. Nilimdhania binti wa mmoja wa wafagiaji. Hakuwa na viatu, amejifunga nguo moja, na upindo wa nguo hiyo umelowa. Nilimkaribisha asogee karibu asikie vizuri, hakusogea. Tulipoingia ghalani, nilipofika kwenye maneno ya homa, akaanza kutetemeka. Akaenda kwenye kona ya kushoto, akajilaza, akatulia. Wageni walikuwa wananitazama mimi, hakuna aliyegeuka. Baba mmoja alirudi nyuma apate picha nzuri, akasimama juu yake.

Zamu iliyofuata alikuwepo tena, mzima, nyuma ya watu, upindo umelowa vile vile.

Nilijaribu kubadilisha, Bibi, lakini nilibadilisha kijinga. Nilisema hakufa kwa homa, msimamizi alimpiga. Kabla sijamaliza akajishika kichwa, akaanguka. Kesho yake nikasema kiu ndiyo iliyomuua, nikidhani ni kifo chepesi zaidi. Nilimwona akilamba ukuta. Ninachosema ndicho kinachompata. Kila zamu namuua, na kila zamu anarudi kunisikiliza, ananitazama mdomoni kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo ya mtihani.

Nimemwomba mkuu tuuondoe mwisho wa hadithi yangu. Amekataa. Bango limeshachapwa, limesimama langoni, na kifo nilichokitunga mimi kimeandikwa pale kwa herufi kubwa. Akaniambia kwa upole kwamba kama nimechoka, atampa mwenzangu asimulie badala yangu. Hilo linanitisha kuliko yote, maana mwenzangu hamwoni. Atamuua bila kujua, na atafanya hivyo vizuri sana, nimemsikia anavyosimulia.

Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, nami naona aibu. Niambie la kufanya.

Mjukuu wako

*

27 Machi

Kwako mume wangu,

Salamu nyingi sana, nyingi kuliko za barua iliyopita. Mimi sijambo. Usiache kula. Mtu akiona mambo hayo huku tumbo ni tupu, yanamzidi.

Nilitaka kukutukana, nikashindwa, nikalia. Halafu nikasoma tena. Hukuniambia lolote la maana. Masikio yake yakoje? Sisi kwetu yamesimama, hata wewe ulipozaliwa mkunga alicheka. Anatembea akirusha mguu wa kulia kidogo? Angalia, halafu uniambie. Nimemngoja mtu huyu tangu nikiwa mtoto na sijui hata ana urefu gani.

Sasa nisikilize. Nimewaza kwa nini hajarudi, na nadhani nimepata jibu, ni jambo dogo tu linalouma. Kwao kwa zamani hakupo tena. Walowezi walipopata nguvu walituhamisha wote, na pale palipokuwa na nyumba yao pamekuwa shamba la watu wengine. Hata angetoka, angekwenda kwenye nyumba isiyokuwepo. Angerudi wapi, kama si hapo hapo ukutani alipopazoea?

Kazi yako wewe si kuelekeza watu? Basi mwelekeze. Bango liache liseme linavyosema. Ukifika mle ghalani, mwambie ukweli: lililompata hatulijui, na kwao bado wanamngoja. Kisha mpe njia, kutoka langoni hadi kwangu, polepole, kama unavyomwelekeza mgeni asiyeijua nchi. Mkuu wako akikufukuza, njoo ule kwangu. Lakini mwelekeze kwanza.

Bibi yako

*

6 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua hii nataka uisome ukiwa umekaa. Mimi ni mzima na nimelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Machi ianze.

Masikio yamesimama. Mguu wa kulia anaurusha. Nilimtazama tangu kisimani hadi ghalani mpaka nikapoteza maneno yangu, mgeni mmoja akadhani nimeugua.

Mle ndani nilisema ulivyoniagiza. Nikasema mwisho ule wa langoni niliutunga mwenyewe, kwamba hakuna ajuaye lililompata, na kwamba nyumbani hawajakata tamaa. Akanyanyua uso. Kisha nikatoa njia. Ukitoka langoni usishike kulia, huko ni kwa Bwana Mkubwa. Shika kushoto, fuata ukuta mpaka mtoni. Ni mto ule ule unaoujua, ila siku hizi una daraja. Vuka, uende na barabara ya lami, magari yasikutishe. Utapita kiwanda cha matofali, utapita shule yenye uzio wa chuma, utaona mteremko. Usiushuke. Nyumba ya mwisho kabla ya mteremko ina mlango wa buluu, na ndani yumo mwanamke mzee aliyekungoja maisha yake yote. Huyo ni wako, na nyumba hiyo ni yenu.

Akatoka, Bibi. Alinipita mlangoni nikasikia ubaridi wa ile nguo iliyolowa kwenye mkono wangu. Nilifurahi nikataka kupiga makofi.

Lakini kuna jambo. Sisi tumefundishwa kwamba mwongozaji hasemi na mtu mmoja. Hata akijibu swali la mmoja, anajibu kundi zima, na sauti lazima imfikie aliye nyuma kabisa. Mdomo umezoea hivyo. Ile njia ya kuja kwako niliisema kwa sauti ya kazini, ikagonga kuta zote nne.

Msichana alipotoka, wageni wakaanza kusogezwa. Baba mmoja mwenye kofia alimwomba radhi mtu ambaye hayupo, akaomba tena, akaomba tena. Walibanwa kwenye kuta za pande zote mbili, wakaacha nafasi katikati, na hakuna aliyejua anamwachia nani nafasi hiyo. Ilichukua muda mrefu. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakasema tumefanya vizuri.

Mkuu amenipa onyo, kazi bado ninayo. Akifika niambie mara moja. Na ukiona jambo lolote lingine, Bibi, lolote, usijifanye jasiri. Mwite Mama.

Mjukuu wako

*

23 Aprili

Kwako mume wangu,

Salamu, salamu, salamu. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa nikiwa mwari.

Amefika. Nilikuwa nachambua mchele uwanjani, jua liko juu kabisa, nikaona kuku wamesimama wote wanatazama barabarani. Alikuwa anakuja akirusha mguu. Alisimama mbali kidogo na mlango kama mtoto anayejua amekosa, akasema, "Mama, nimechelewa. Na mtungi umevunjika."

Nilitaka kumsahihisha kwamba mimi si mama yake, nikajiuliza nitajisahihisha niwe nani. Kwa hesabu ya ukoo yeye ni bibi yangu, na ukimtazama ni mdogo kwa mama yako. Nikamwambia mtungi si kitu, aingie.

Nimempa maji. Anashika kikombe na kunywa, na maji yanabaki pale pale, lakini anasema yametosha. Nimemtandikia chumba cha ndani. Hasemi mengi. Nilimuuliza mara moja tu aliyoyapata huko, sikumuuliza tena. Hatujui, mume wangu, na hata sasa hatutajua. Nimekubali. Kazi yangu ilikuwa kungoja, si kuhoji.

Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa sauti, nikawalilia wote waliongoja wakaondoka bila kumwona. Jirani alikuja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwambia ni furaha. Alinitazama vibaya.

Umefanya jambo kubwa. Nakusamehe homa, nakusamehe na kipigo. Kile cha kiu bado nakifikiria.

Bibi yako mwenye mgeni

*

30 Aprili

Kwako mume wangu,

Natumaini u mzima. Naandika tena kabla hujanijibu kwa sababu jibu lako halitanikuta.

Ulisema niseme nikiona jambo lingine. Wamekuja wengine. Kwanza walisimama ng'ambo ya barabara, nikawadhania watu wa msibani waliopotea nyumba. Siku iliyofuata walikuwa uwanjani. Wanaume, wanawake, mama mmoja ana mtoto mgongoni. Wamejaa toka mlangoni hadi kwenye uzio, mchana kweupe. Jirani alikuja kuomba chumvi, akapita katikati yao akinisalimia, akarudi zake. Kuku wanadonoa baina ya miguu yao.

Nilimuuliza binti yetu, yule mgeni wangu, wanataka nini. Akasema, "Walisikia kwamba kuna nyumba. Wamekuja kuona kama ni yao."

Hilo ndilo tulilolifanya, mimi na wewe. Mimi nilisema mwelekeze, wewe ukamwelekeza kwa sauti ya kazini. Watu wote wale walikuwa wamekaa gizani, akatokea mtu akasema kuna mlango wa buluu na ndani kuna anayekungoja. Nani asingeinuka? Wamekuja kwa miguu mpaka hapa, na mwanamke mzee aliyemo ndani si wao.

Nilitoka nikawaambia. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo, kusema kwa kila mmoja kwamba si hapa. Hawakuondoka, hawakukasirika. Walinitazama tu. Nikaanza kuwauliza, mmoja mmoja, kwenu mlima uko upande gani, baba yako alikuwa akifanya kazi gani, mto mlikuwa mnauitaje. Wengi wanakumbuka kidogo kidogo. Na mimi, mume wangu, nimeishi sana. Nimeolewa, nimeachwa, nimehama, nimesafiri kwenda kwenye vilio vya watu nchi nzima. Wanachosema nakijua. Yule anayesimulia kilima chenye mabega mawili, watu wake walihamishiwa karibu na reli. Yule mwenye mtoto, ukoo wake nimekula nao harusi. Hawajui kwamba wana mtu uwanjani kwangu.

Nani atawapeleka? Wewe una kazi. Mama yako hawaoni. Binti yetu amesema atabaki kulinda nyumba, amechoka kutembea, na mimi nimekubali.

Naogopa, nisikufiche. Asubuhi niliamka goti haliumi hata kidogo, nikaelewa maana yake, nikakaa kitandani. Lakini nikawaza, kama binti yetu angefika kwenye mlango wa mtu mwingine, ningependa mama wa nyumba hiyo afanye nini? Nikainuka.

Kuku wape jirani. Mama yako usimwambie yote, ataita daktari. Ukikumbuka yule msichana, mwite kwa jina lake, sasa amefika. Nimeshavaa viatu na nimekaa kwenye kiti karibu na mlango, nasubiri jua lipungue kidogo ndipo tuanze. Nakupenda sana, mume wangu mjinga. Usihuzunike mno, siendi kukaa bure.

Bibi yako

*

12 Juni

Kwako Bibi,

Shikamoo. Sijui nianzeje kukuuliza hali, wala barua hii sijui niipeleke wapi. Naandika kwa sababu nilizoea.

Barua yako na simu ya Mama zilinifikia siku moja. Walikukuta kwenye kiti, umeelekea mlangoni. Nilikuja, tukakuzika, nikalia hadharani mbele ya majirani. Mama alitaka kukifunga chumba cha ndani, nikamwomba akiache wazi na aweke kikombe cha maji. Akanitazama, akakiweka. Kuku anao jirani.

Nimerudi kazini. Ghala ni chumba tu siku hizi. Wageni wanaingia, wanatazama mawe, wanatoka. Mkuu anasema kundi langu halinyamazi tena kama zamani, na anadhani kosa ni la maneno yangu. Nimemwacha adhani hivyo. Bango ameliondoa mwenyewe, sikumwomba.

Leo mchana nilikuwa mle ndani na wanafunzi wa chuo cha ualimu. Nikainua macho nikakuona mlangoni. Ulikuwa umevaa vile viatu ambavyo Mama alikuvua akavihifadhi, na vilikuwa na vumbi la njia ndefu. Nilinyamaza katikati ya sentensi. Wanafunzi wakadhani nimeguswa na hadithi.

Ulizunguka kona moja baada ya nyingine ukiinama, unatazama. Kwenye ile ya mwisho ukachuchumaa kabisa, goti na yote, ukashika kitu. Kilikuwa mkono. Alikuwa mzee, amekaa na mgongo ukutani, nami kwa miezi yote hiyo sikuwahi kumwona. Ulimsemesha, hakujibu. Ukamsemesha sikioni, hakujibu. Ndipo nikaelewa kwamba ni kiziwi. Siku ile nilipopaza sauti wenzake wote waliinuka wakaondoka, na yeye alibaki peke yake gizani bila kujua wamekwenda wapi. Ukaacha kusema, ukamwonyesha kwa mkono.

Nilitaka kukuita. Nilitaka kukuambia kwamba nyumbani hakukaliki bila wewe, na kwamba ninalia bafuni kama mtoto. Lakini mimi ni mtu wa kazi hii, najua mwongozaji hasumbuliwi akiwa na mgeni asiyesikia. Nikawaambia wanafunzi wasogee ukutani, waache nafasi katikati. Wakasogea bila kuuliza.

Ulinipita karibu kiasi cha kugusana. Hukunitazama. Ulikuwa unaangalia miguu ya yule mzee, asijikwae kwenye kizingiti.

Mjukuu wako